Nani Ameweka Uzi Kitabuni?

Mlioniacha juma lililopita mliniacha nimekaa sakafuni chumbani kwa shangazi, kitabu mapajani, uzi mwekundu mkononi, moyo ukinitwanga kama mchi kinuni.

Kwa asiyenijua nitasema upesi. Naitwa Balaraba. Naishi katika mji wa kale wa Kano, nyumbani kwa shangazi yangu Hajiya Dije, aliyenichukua mama alipofariki. Shule niliiacha darasa la nne, nikaenda kuuza karanga. Kusoma sikukuacha. Kila siku baada ya sala ya alasiri wanawake wa uani hukusanyika, nami huwasomea vitabu vya mapenzi, vile vijitabu vyembamba ambamo ngano za bibi zetu zimevikwa nguo mpya. Binti wa mfalme ana simu, jini anajipaka manukato, na mchumba anaandika barua kurasa tatu.

Nina haya. Mtu akinitazama usoni maneno hunikimbia. Nikishika kitabu ndipo sauti hutoka, kwa kuwa maneno si yangu.

Ndivyo walivyodhani wote. Lakini niliungama hapa, nami naungama tena: maneno mengine yalikuwa yangu.

Kitabu chenyewe ni cha binti ambaye hakuna ajuaye jina lake. Mfalme katangaza kwamba atakayelitaja atamwoa, na mwisho wa yote binti atasimama barazani aseme kwa kinywa chake ni nani anayemtaka. Kitabuni anashinda mwana wa mfalme wa jirani, aliyelinunua jina kwa yaya. Mimi nikamwingiza mtu asiyekuwemo. Ni mtia rangi nguo, mikono yake buluu mpaka viwikoni. Wanawake wakampenda kuliko yule mwenye farasi, wakampa na jina, Mikono-ya-Buluu. Hawakujua kwamba yupo kweli, anaitwa Sagiru, na anafanya kazi kwenye mashimo ya nili na majivu wanamochovya nguo, karibu na lango la mji.

Nilifanya hivyo kwa sababu Alhaji Tanimu, muuza magodoro mwenye wake wawili, alikuwa amenitaka. Shangazi alikuwa karibu kukubali. Tangu Mikono-ya-Buluu aingie hadithini, shangazi akawa anawaambia watu wa Alhaji, "Ngojeni kwanza." Lakini Ijumaa wanawake wao wangekuja kuchukua jibu. Shangazi akivunja mbele yao kokwa ya kola, ile kokwa chungu ya kutafuna ambayo kwetu ndiyo hufunga posa, neno limekwisha.

Sasa uzi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa themanini. Kitabu kina kurasa tisini na sita. Uzi nilioukuta Jumatatu ulikuwa umewekwa ukurasa wa tisini na nne.

Mtu alikuwa ameusoma mwisho. Alijua kwamba nadanganya.

Niliutazama uzi ule vizuri. Ulikuwa wa kudarizia kofia. Na nyumbani kwetu anayedarizi kofia ni mmoja tu.

Bi Zulai, mke mdogo wa mume wa shangazi, alikuwa amekaa mlangoni pake na kikapu chake cha nyuzi. Yeye amesoma sekondari. Hakuwa anakuja kunisikiliza, kwani alisema hadithi zile ni za wanawake wasio na simu nzuri. Na Alhaji Tanimu ni binamu yake.

Nikapiga goti nikamsalimu.

"Umeamkaje, msomaji wetu?"

"Salama, Bi Zulai."

"Na yule bwana wako wa mikono michafu, hajambo?"

"Si wangu. Ni wa kitabuni."

"Ahaa. Wa kitabuni." Akaukata uzi kwa meno. Ulikuwa mwekundu. "Siku moja nitakiazima hicho kitabu. Nimekaa darasani miaka mingi, sijaona mfalme anayemwozesha bintiye kwa mtu anayenuka majivu."

Nikasema kitabu ni cha shangazi.

"Najua ni cha nani. Ninachotaka kujua ni maneno ya nani."

Akacheka, akarudi kwenye kofia yake. Mimi nikabaki nimepiga goti hata baada ya kuambiwa niondoke.

Jumanne alasiri tukakaa uani kama kawaida. Shangazi juu ya mkeka wake, Mairo jirani yetu na bakuli la bajia za kunde zilizobaki sokoni, na bibi Tabawa anachambua majani ya mbuyu kwa ajili ya mchuzi. Wengine walikaa popote palipokuwa na kivuli.

"Ni mchana huu," bibi Tabawa akasema, kama asemavyo kila siku. "Ngano haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana mama yake hupotea njiani."

"Kitabu si ngano, Tabawa," shangazi akamjibu. "Ngano inatoka mdomoni, hiki kinatoka dukani. Soma, mwanangu."

Mama yangu alikwisha kupotea zamani, kwa hiyo mimi sikuogopa.

"Hiyo inakuja, hiyo inakuja!" nikasema, kama ngano zetu zinavyofunguliwa.

"Ije tuisikie!" wakaitikia.

Nikasoma. Yaani, nikatazama karatasi. Karatasini mwana wa mfalme alikuwa anamhesabia yaya dhahabu. Mimi nikasema: "Mikono-ya-Buluu akamwambia binti, 'Jina lako sitalinunua. Nitangoja mpaka siku utakayopenda kuniambia mwenyewe. Ukichelewa, nitazeeka hapa hapa kisimani.'"

Mairo akajipiga paja. "Wallahi! Mimi mume wangu miaka kumi na sita hajaniuliza hata nataka chumvi kiasi gani!"

"Anajua hujui kupika," bibi Tabawa akasema. "Akuulize nini?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja akafuta machozi kwa pembe ya mtandio, akasema bibi yake alimwambia tu kwamba binti yule aliolewa, basi, wakalala. Hakumwambia kwamba mtu aliweza kungoja kisimani.

"Bibi zetu walikuwa na haraka," shangazi akasema. "Rudia hapo kwenye kuzeeka."

Nikarudia. Nilikuwa nafurahi, sitaficha. Hakuna raha kama kuwaona watu wazima wanashika vifua kwa ajili ya maneno uliyoyatoa moyoni mwako, na hakuna hata mmoja anayekutazama wewe.

Kisha Mairo akameza bajia yake, akasema, "Lakini Balaraba, kuna jambo. Nilimwambia binti yangu wa Kaduna akitafute kitabu hiki. Amekipata. Jana kwenye simu ananiambia humo hamna mtia rangi."

Nikageuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma.

"Eti hamna hata ndoo ya rangi. Kuna mwana wa mfalme tu, anaanza naye, anamaliza naye."

Macho yote yakanijia. Kule mlangoni pa Bi Zulai, sindano ilisimama.

"Labda," nikasema, "labda chake ni cha zamani. Hiki kimepigwa chapa upya."

"Jalada anasema ni lile lile."

Shangazi ndiye aliyesema, polepole, "Mairo, huyo binti yako si ndiye aliyetusomea barua ya msiba akatuambia ni harusi?"

"Ndiye huyo huyo!" bibi Tabawa akadakia. "Tukaenda tumejifukiza udi, tukakuta watu wanalia!"

Wakacheka mpaka Mairo mwenyewe akacheka. Nikapumua. Lakini shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yangu juu ya karatasi, na aliendelea kuitazama mpaka nilipofunga kitabu.

Jumatano nilipokwenda kukichukua, kitabu kilikuwa mahali pake, kwenye rafu ya shangazi, katikati ya vitabu vyake vya madrasa ya wanawake anayokwenda kila Jumamosi na Jumapili. Mlango wa chumba kile ni pazia tu. Yeyote angeweza kuingia.

Nikafungua. Uzi ulikuwa umehama.

Haukuwa tena tisini na nne. Ulikuwa tisini na moja.

Nikakaa chini nikafikiri. Mtu anayesoma huenda mbele. Huyu alikuwa anarudi nyuma. Mimi natoka mbele na kitabu, yeye anatoka nyuma, na tulikuwa tunakaribiana ukurasa kwa ukurasa kama watu wawili kwenye uchochoro mwembamba. Msomaji gani anaanza na mwisho? Nikasema ni mtu anayetafuta ushahidi. Anapekua kitabu kinyumenyume ili ahakikishe kwamba Mikono-ya-Buluu hayumo popote.

Chini ya mistari palikuwa na alama nyekundu, hafifu, kama za kidole kilichopita taratibu. Hina.

Nikaanza kupeleleza vidole vya watu. Nilimpa Bi Zulai maji ili nimwone mikono. Hina yake ilikuwa nyeusi, ya maua, aliyochorwa kwa karamu ya kumpa mtoto jina wiki iliyopita. Mairo alikuwa na nyekundu. Bibi Tabawa nyekundu. Shangazi nyekundu, lakini shangazi sikumhesabu. Yeye hasomi herufi za kizungu. Dawa ikiletwa, mimi ndiye ninayemsomea maandishi ya boksi. Mwezi uliopita aliniuliza ile herufi yenye tumbo mbele kwenye pakiti ya sukari inaitwaje, nikamwambia, akasema, "Imeshiba kweli," akaenda zake.

Nikaamua ni Bi Zulai, na kwamba amemtuma Mairo. Nikaacha kula bajia za Mairo.

Alhamisi Sagiru akaja kuleta kitambaa cha shangazi alichokitia rangi. Wanaume wasio wa nyumbani huishia ukumbi wa mlangoni, kwa hiyo nikatumwa mimi nikakipokee. Nikasimama nyuma ya nguzo, naye akasimama uso ukutani, kama inavyopasa.

"Balaraba," akasema, "nataka kukuuliza."

"Uliza."

"Wanawake wanapita kule mashimoni wananichekelea. Mmoja leo ameniita Mikono-ya-Buluu. Akaniuliza kama nimekwisha kuzeeka kisimani. Kisima gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni kitabu tu," nikasema.

"Kitabu kinanijua mimi?"

Nikazidi kujibana nyuma ya nguzo.

"Sikiliza. Nilikuambia mara moja tu kwamba nitangoja. Nilikuambia wewe, hapa hapa. Sasa nalisikia neno langu kwa muuza nyanya." Akakiweka kitambaa juu ya benchi. "Unanicheka pamoja nao?"

"Hapana."

"Basi sema nifanye nini. Baba yangu mdogo yuko tayari kuja kuniposea. Lakini hawezi kuja kwenye nyumba ambayo kola ya mtu mwingine imevunjwa. Kesho ni Ijumaa."

"Najua."

"Unajua, na umenyamaza. Shangazi yako hajawahi hata kulisikia jina langu."

Alisema kweli. Kwetu msichana anayetaja jina la mwanamume ampendaye mbele ya wakubwa amejivua nguo. Hata wake walioolewa hawataji majina ya waume zao. Husema "baba wa watoto" au "mwenye nyumba." Mimi ambaye siwezi kuomba chumvi kwa jirani, ningelitaja vipi?

Nikamwambia, "Kesho ndiyo siku ya ukurasa wa mwisho."

"Sijakuelewa."

"Hata mimi," nikasema, nikachukua kitambaa nikakimbilia ndani. Nyuma ya pazia la ua nikamkuta Bi Zulai amesimama na ufagio. Alikuwa hafagii.

Ijumaa baada ya sala wakaja. Wanawake watano wa Alhaji Tanimu, mbele yao dada yake mkubwa, Hajiya Kande, mnene, mchangamfu, aliyejifukiza ubani mpaka paka akapiga chafya. Walibeba sanduku la vitambaa na kikapu cha kola kilichofunikwa majani mabichi. Kikapu kikawekwa mbele ya shangazi.

"Hatukuja kukaa," Hajiya Kande akasema, akakaa. "Lakini tumeambiwa nyumba hii ina redio isiyo na betri. Tukasema tukichukua jibu, tuchukue na hadithi."

Wanawake wa uani wakafurahi. Mairo alikuwa amefunga biashara mapema. Bibi Tabawa hata hakusema kwamba ni mchana.

Mpango wangu ulikuwa mmoja. Nitasoma mwisho nilioutunga mwenyewe, binti amchague Mikono-ya-Buluu, ua mzima ulie, na shangazi aone haya kuvunja kola siku hiyo. Jina halisi nisingelitaja. Kitabu kingenisemea.

Ndipo Bi Zulai akatoka chumbani kwake, amevaa vizuri, miwani machoni.

"Hajiya," akamwambia shangazi, "Balaraba ana sauti ya kifaranga. Leo kuna wageni. Niache mimi niwasomee."

"Wewe?" Mairo akashangaa. "Wewe si husema ni hadithi za wasio na simu?"

"Leo nimetamani. Nataka nisome neno kwa neno, kama lilivyoandikwa." Akanitazama. "Hakuna ubaya, au upo?"

Ingemtosha ukurasa mmoja. Wanawake wa uani wangejua mbele ya wageni kwamba kwa wiki tano nimewadanganya ili kumkimbia kaka wa wageni hao. Shangazi angepata aibu ambayo ingefutwa kwa njia moja tu, nayo ilikuwa mbele yake kikapuni.

Shangazi akatia mkono chini ya mkeka akatoa kitabu. Sikujua alikitoa rafuni saa ngapi.

Akakiweka mapajani, jalada la nyuma likiwa juu. Akakifungua kutoka kulia, kama afunguavyo kitabu chake cha dua, kama tufunguavyo sote tuliofundishwa kwanza herufi za Kiarabu. Kidole chake chenye hina nyekundu kikatafuta mahali.

Uzi mwekundu ukateleza ukaanguka juu ya mkeka.

Wasomaji wangu, niliutazama ule uzi, nikautazama ule mkono, na kila kitu kikanigeukia. Hakuna aliyekuwa anapekua kinyumenyume. Alikuwa anaanza pale anapodhani vitabu vyote huanzia. Ile madrasa ya Jumamosi na Jumapili. Ile herufi yenye tumbo. Uzi aliuokota kwenye kikapu cha mke mwenzake kama mtu yeyote anayehitaji alama.

Mtu niliyekuwa namwogopa ndiye niliyekuwa namsomea.

"Zulai, kaa," shangazi akasema. "Aliyetuingiza njiani ndiye atakayetufikisha. Balaraba, njoo."

Nikaenda kwa magoti. Aliponipa kitabu aliinama kama anayenitengenezea mtandio, akaninong'oneza.

"Nilianzia upande usio wake, mwanangu. Mwisho niliujua kabla ya mwanzo. Mikono-ya-Buluu nimemtafuta humu kurasa nane. Simwoni."

"Shangazi, nisamehe..."

"Soma."

Sikuona kitu usoni mwake. Si hasira, si huruma. Nimeishi naye miaka kumi na moja, na siku hiyo alikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Hiyo inakuja," nikasema. Kwa kweli sauti ilikuwa ya kifaranga.

"Ije tuisikie!" wakaitikia, na wageni pamoja nao.

Nikasoma ukurasa wa tisini na nne, na huo niliusoma kama ulivyo, kwa kuwa nilikuwa naogopa kusema lolote lingine. "Binti akasimama mbele ya baraza. Wazee wakanyamaza. Mfalme akamwambia, 'Wote wamelitafuta jina lako. Leo wewe utaje lake. Ni nani umtakaye?' Binti akainua uso, akasema..."

Macho yakahamia upande wa pili.

Ukurasa wa mwisho, tisini na tano mbele na tisini na sita nyuma, haukuwapo.

Haukuanguka. Ulichanwa. Ukingo wake ulikuwa umenyooka, kama mtu aliyeukunja kwanza kwa kucha ndipo akauvuta, taratibu, asiharibu mwingine. Nyuma yake lilikuwa jalada tupu na namba ya simu ya mwandishi.

Nikainua macho. Bi Zulai alikuwa amenyoosha shingo, naye alikuwa ameona. Uso wake ulionyesha mshangao wa kweli, kwa hiyo si yeye.

Shangazi alikuwa amechukua kokwa moja ya kola kikapuni. Ameishika kwa vidole viwili, ukucha wa dole gumba umezama katikati, pale inapopasukia. Ukucha huo huo mwekundu.

"Mbona kimya?" Hajiya Kande akauliza. "Redio imekatika?"

"Anavuta pumzi," shangazi akasema bila kuniondolea macho. "Haya, mwanangu. Binti alisema nani? Na ulitamke jina lenyewe, jina alilopewa na mama yake. Haya mambo ya mikono ya buluu yametosha. Utamke wageni wasikie."

Kola ikatoa mlio mdogo chini ya ukucha wake. Haikuwa imepasuka bado.

Sikujua kama aliuchana ukurasa ule ili anifungulie mlango, au ili mbele ya mashahidi watano nijivue nguo mwenyewe, asiwe na la kufanya ila kunitupa kwa muuza magodoro. Nilimtazama nipate hata kope moja ya kunisaidia. Hakupepesa.

Mkononi sikuwa na neno lolote la mtu mwingine la kujifichia.

Nikainamisha uso mahali ulipokuwa ukurasa, nikaanza kusoma.